Kituo chako cha Fido kipitie wapi? IPv4 ya kuchangia, IPv6 ya ruta, handaki au seva ya kukodi

Mwalimu mmoja mstaafu wa Moshi, anayeendesha kituo cha Fido nyumbani kwake Soweto, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka barua za mtandao wa FidoNet, alinipigia simu jioni moja nikiwa Sakina, Arusha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Barua zangu zinatoka vizuri, ila hakuna anayeweza kunipigia. Nimebadilisha ruta, nimefungua poti, wapi! Hebu niambie, hiyo IPv6 ndiyo dawa?"

Kupiga, kwetu, ni kompyuta moja kuanzisha muunganisho na nyingine, na IPv6 ni toleo jipya la anwani za intaneti, la zamani likiwa IPv4. Nikamwomba afungue ukurasa wa ruta anisomee anwani ya upande wa nje. Akasoma taratibu: mia moja, nukta, sabini na mbili, nukta... Nikamsimamisha hapohapo. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa ajili ya watoa huduma wanaowachanganya wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Angefungua poti mpaka kesho, mlango anaoufungua hauko nyumbani kwake.

Swali lake nimeulizwa na wenzangu kadhaa wa Arusha na Moshi wanaopenda mtandao huu wa barua, kwa hiyo nimeona niziweke njia nne pembeni kwa pembeni. Mbili kati yake nazitumia hadi leo, moja niliitumia nikaiacha, na moja nimewafungia wengine.

Kwa nini kupigiwa ni jambo kubwa

FidoNet ilianza mwaka 1984, Tom Jennings wa San Francisco alipoiunganisha kompyuta yake na ya John Madill aliyekuwa Baltimore. Kompyuta moja iliipigia nyingine usiku, wakati simu ni nafuu, ikaacha barua, ikachukua barua, ikakata. Baadaye kila kituo kikapewa namba yake ya kanda, neti (kundi la vituo ndani ya kanda) na kituo. Afrika ilikuwa kanda ya 5. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla watu wa kawaida huku kwetu hawajaijua intaneti, mashirika na madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wanapelekeana barua kwa teknolojia hii. HealthNet iliitumia kwa mambo ya tiba, na GreenNet ya London ilikuwa lango la kutokea kwenda duniani. Hili nalitaja kwa sababu vijana wengi wanadhani Fido ni kitu cha Wamarekani tu kilichotufikia kama kumbukumbu. Kilishafanya kazi ya maana hapa.

Enzi hizo, aliyekuwa na laini ya simu aliweza kupiga na aliweza kupigiwa. Mambo hayo mawili yalikuja pamoja, hakuna aliyeyafikiria tofauti. Leo barua zinapita kwenye intaneti kwa itifaki ya binkp, poti 24554, na ndipo mawili hayo yalipoachana. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu. Akiba ya dunia, iliyoshikwa na IANA, chombo kinachosimamia anwani za intaneti duniani, iliisha Februari 2011, na AFRINIC inayogawa anwani kwa Afrika iliingia awamu yake ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Watoa huduma wakabaki na njia moja ya haraka, yaani CGNAT, wateja wengi kuchangia anwani moja.

Ni kama ile S.L.P. ya parokia iliyotumiwa na kijiji kizima. Tofauti ni kwamba barua ya parokia ilikuwa na jina lako juu ya bahasha, katekista akaisoma baada ya misa. Kwenye CGNAT, mgeni anayebisha hodi hana pa kuandika jina lako. Majibu ya simu uliyoianzisha wewe yanarudi, kwa kuwa mtambo unakumbuka nani ametoka. Anayekuja kwanza anaachwa nje.

IPv6 inaondoa uhaba huo tangu kwenye mzizi. Anwani zake zina biti 128 badala ya 32, na nyumba moja inaweza kupewa fungu ambalo ndani yake kila kifaa kina anwani yake ya kweli. Hiyo ndiyo sababu wapenzi wa Fido wanaihangaikia, maana inamrudishia mtu wa nyumbani uwezo wa kupigiwa.

Mambo ya kupimia

La kwanza na zito kuliko yote ni kufikika: nani anaweza kukupigia moja kwa moja, mwenye IPv4, mwenye IPv6, au wote? La pili ni umeme ukikatika na kurudi, kituo kinasimama chenyewe au kinakusubiri wewe? La tatu ni gharama ya mwezi. La nne ni kazi ya kuandaa na kutunza. La tano ni ulinzi, yaani umefungua nini kwa dunia.

Kasi siiweki. Barua za Fido ni mafurushi madogo yanayohifadhiwa na kupelekwa mbele. Zikifika sekunde moja mapema au dakika tano baadaye, baraza, yaani mazungumzo ya pamoja, halipungukiwi kitu. Asikutishe mtu kwamba seva ya mbali au handaki refu litakuchelewesha. Kwa michezo ya kompyuta hilo ni tatizo, kwa kazi yetu si tatizo.

Kabla ya kuendelea, fanya upimaji mdogo. Linganisha anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta na ile ambayo tovuti yoyote ya kuonyesha anwani inakuonyesha. Zikifanana, una IPv4 yako mwenyewe, hata kama inabadilikabadilika. Zikitofautiana, umo kwenye kuchangia. Kisha angalia IPv6. Anwani inayoanza na fe80 haitoki nje ya nyumba, na inayoanza na fd ni ya ndani pia. Ukiona 2c0f umepata ya kweli, kwa sababu AFRINIC inagawa kutoka fungu la 2c00::/12, yaani kuanzia 2c00 hadi 2c0f.

Njia ya kwanza: kubaki na IPv4 ya kuchangia, uwe mpigaji tu

Hapa hubadilishi chochote. Kituo chako kinampigia bosi wako, yaani kile kituo cha juu kinachokushikia barua, kila baada ya dakika kadhaa. Kinaacha na kinachukua.

Kufikika ni sifuri, na ni vizuri kukubali hivyo waziwazi. Barua ya mtu kwa mtu haiwezi kukujia mkono kwa mkono. Lazima ipitie kwa bosi ikusubiri. Barua za baraza, zile tunazoziita ekomeili, hazidhuriki hata kidogo, na kwa wengi wetu hizo ndizo sehemu kubwa.

Umeme ukikatika, njia hii ndiyo tulivu kuliko zote. Bosi anashika barua, umeme ukirudi kompyuta inawaka, inapiga, inachukua. Hakuna jina la kusasisha wala anwani ya kubadilisha. Gharama ni bando lako lilelile. Kazi ni karibu na hakuna. Ulinzi ni mzuri, kwani hakuna mlango uliofunguliwa.

Kama ndiyo unaanza, unaweza hata usiwe kituo kamili. Kuwa pointi chini ya kituo cha mwenzako: unapata namba yenye nukta mwishoni, unasoma na kuandika kama wengine, na majukumu ya kufikika yanabaki kwa mwenye kituo. Inamfaa mwanafunzi, anayetumia modemu ya laini ya simu, na anayesafiri sana kati ya Arusha na Moshi na kompyuta ndogo begani. Haimfai anayetaka kuwashikia wengine barua. Huwezi kuwa bosi wa mtu asiyeweza kukupigia.

Njia ya pili: IPv6 inayotoka kwa mtoa huduma wako

Hii ndiyo ninayoipenda, na kwa sababu hiyo nitaeleza matatizo yake kwa kirefu.

Kufikika kunarudi, lakini nusu. Mwenye IPv6 anakupigia moja kwa moja. Aliyebaki na IPv4 pekee hakuoni. Kwenye orodha ya vituo kuna alama ya INO4 inayosema kituo hiki hakipokei simu za IPv4, na ukiwa nyuma ya CGNAT ni wajibu wako kuiweka, ili mwenzako asipoteze muda kukugongea mahali ambapo hapafunguki. Wewe kuwapigia wengine unaweza kwa zote mbili. Kwa vituo visivyokufikia, bosi mwenye anwani za aina zote anakuwa daraja. Kwa hiyo usimwache bosi wako eti kwa kuwa sasa una IPv6.

Kazi ya kuandaa ina hatua tatu ambazo watu huzikosa. Kwanza, programu. Ukitumia binkd, programu ya kupiga na kupokea kwa binkp, hakikisha ni toleo la 1.1 au jipya zaidi, maana ya zamani haijui IPv6. Pili, ruta. Watu wamezoea kuelekeza poti kama kwenye IPv4. Hapa hakuna kuelekeza, kompyuta ina anwani yake. Kinachotakiwa ni faiawoli ya ruta, yaani ukuta unaochuja kinachoingia, iruhusu TCP 24554 kuingia kwa anwani ya kompyuta hiyo moja. Ruta nyingi hufunga kila kinachoingia, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nyingine, hasa zile ndogo za laini ya simu, hazina hata sehemu ya kuruhusu, na upande wa mtandao wa simu nako wanaweza kuwa wamefunga. Tatu, anwani yenyewe. Kompyuta za siku hizi hujitengenezea anwani za muda zinazobadilika ili kulinda faragha. Kituo kinahitaji anwani isiyohama, kwa hiyo weka sehemu ya mwisho wewe mwenyewe. Wapenzi wa Fido wana desturi nzuri hapa. Wanaandika f1d0, kisha kanda, neti na kituo. Kituo cha mfano 5:123/4 kitaishia na f1d0:5:123:4. Ukiiona anwani kama hiyo kwenye kumbukumbu za simu, unajua papo hapo nani amekupigia. Kwa mimi niliyeanza kwa kuzihesabu namba za Fido kichwani, kuikuta namba yangu ndani ya anwani ya intaneti kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Umeme ukikatika ndipo majaribu yanapoanza. Ruta ikizima na kuwaka, mtoa huduma anaweza kukupa fungu jingine. Mwisho wa anwani ni uleule, mwanzo umebadilika. Unahitaji jina la DNS, yaani jina la intaneti linaloelekeza kwenye anwani yako, linalojisasisha lenyewe kila anwani inapohama. Hili si la kuahirisha. Niliahirisha mimi. Wiki nzima ya masika jina langu lilikuwa linaonyesha anwani ya IPv6 iliyokufa, huku ile ya IPv4 ikiwa nzima. Kituo kinachonipigia kinajaribu IPv6 kwanza, kinasubiri mpaka muda uishe, ndipo kinajaribu IPv4. Barua zilifika, lakini kila simu ilikuwa na kusubiri kusiko na sababu, na mwenzangu wa Usa River alidhani kituo chake ndicho kibovu, akakifungua na kukifunga upya bure. Anwani ya IPv6 isiyofanya kazi inamsumbua jirani kuliko kutokuwa nayo kabisa. Ukiitangaza, itunze. Ukishindwa kuitunza, ifute kwenye jina.

Gharama haiongezeki kama mtoa huduma tayari anaitoa. Ulinzi ni wa kujali, kwani kompyuta iko wazi kweli, ingawa kwa poti moja. Isasishe. Na usiweke picha za familia kwenye kompyuta hiyohiyo.

Inamfaa mwenye faiba ya nyumbani yenye 2c0f na ruta anayoruhusiwa kuigusa.

Njia ya tatu: handaki

Mtoa huduma hana IPv6, lakini kuna wanaoitoa bure kwa kuifunga ndani ya paketi za IPv4. Anayejulikana zaidi ni Hurricane Electric. SixXS, ambayo wengi waliitegemea, ilifungwa 6 Juni 2017, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayoitaja hayana kazi tena. Ukijiandikisha unapata fungu la /64, linalotosha mtandao mmoja, na la /48, kubwa zaidi, ukiliomba, anwani zikianza na 2001:470.

Kabla hujafurahi, soma sharti. Handaki la aina hii linataka uwe na IPv4 yako mwenyewe inayojibu pingi, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama upo. Aliye nyuma ya CGNAT, kama mwalimu wa Soweto, hawezi kulitumia. Na aliye na IPv4 yake mwenyewe tayari anapigika kwa IPv4. Basi handaki halimwokoi asiyefikika. Linamwongezea anayefikika mlango wa pili. Watu wengi wanalikimbilia wakitafuta lile ambalo haliwezi kutoa.

Likikufaa, linafaa kweli. Unafikika na pande zote mbili. Fungu lako halibadiliki hata mtoa huduma akibadilisha IPv4 yako, unachofanya ni kumjulisha mwenye handaki anwani mpya, na ruta nyingi au hati fupi kwenye Linux zinaweza kufanya hivyo zenyewe umeme unaporudi. Kwa upande huu handaki linaishinda IPv6 ya ruta. Gharama hakuna. Kazi ni ya jioni moja, ila kumbuka kupunguza ukubwa wa paketi hadi 1480, la sivyo simu itaunganika kisha mafurushi makubwa yakwame katikati. Kwenye ulinzi, jua kwamba handaki likiishia kwenye kompyuta yako linapita nyuma ya faiawoli ya ruta, hivyo kompyuta lazima iwe na faiawoli yake.

Inamfaa mwenye IPv4 yake anayetaka kujifunza, au anayewashikia wenzake barua na hataki kumwacha nje mwenye IPv6 pekee.

Njia ya nne: seva ya kukodi

Unakodi kompyuta ndogo kwenye jengo la seva, Ulaya au Afrika Kusini, yenye IPv4 na IPv6. Hapo una namna mbili. Ama unahamishia kituo chote huko, ama seva inakuwa mlango tu na unaiunganisha na nyumbani kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri kati ya kompyuta mbili. Kwa kuwa nyumbani ndiko kunakoanzisha muunganisho, CGNAT haizuii. Weka mpigo, yaani ujumbe mdogo unaojituma wenyewe, wa kila sekunde 25 ili njia isijifunge.

Kufikika ni kamili. Umeme wa nyumbani haukuhusu kama kituo kiko huko. Kama seva ni mlango tu, anayepiga wakati wa giza anakuta kimya, kwa hiyo angalau programu ya kupokea barua iwekwe kwenye seva yenyewe.

Gharama ndiyo pingamizi. Inalipwa kwa dola kila mwezi, na kwa wengi ni kutafuta kwanza kadi ya kulipia mtandaoni. Angalia pia IPv4 inavyotozwa peke yake siku hizi. Amazon, tangu Februari 2024, inatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila IPv4 ya nje, ambayo kwa mwezi ni kama dola 3.6 juu ya bei ya seva. Mkiwa wanne mkachangia, inabebeka. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi, na jina la anayelipa tunalizungusha kama mchezo wa kupeana.

Kazi ni nyingi zaidi, na haikomi. Seva iliyo wazi inagongwa na wadukuzi usiku na mchana. Ingia kwa ufunguo badala ya neno la siri, funga kila poti usiyoihitaji, sasisha. Kuna jambo jingine ambalo silo la kiufundi. Kuna wapenzi wa Fido wanaoona kwamba kituo kisichokuwa mezani kwako, usichosikia feni yake, si kituo chako. Nawaelewa. Barua za watu wa Kaloleni na Majengo zikalala Frankfurt, kuna kitu kinapungua. Ila zinafika.

Ukiwa katika hali hii

Unaanza leo, una laini ya simu na bando: kuwa pointi. Usinunue kitu.

Una CGNAT bila IPv6, na unachotaka ni kusoma na kuandika barazani: baki kwenye njia ya kwanza, piga kila nusu saa, mwambie bosi wako kwamba hupigiki, na hakikisha umeandikwa hivyo kwenye orodha ya vituo.

Una CGNAT na 2c0f kwenye ruta: chukua njia ya pili, weka alama ya INO4, andaa jina linalojisasisha kabla ya kutangaza chochote, kisha mwombe mwenzako aliye mtandao tofauti akupigie kwa IPv6 pekee. Ukijijaribu mwenyewe kutoka ndani ya nyumba hujajaribu.

Una IPv4 yako hata kama inabadilika, na mtoa huduma hana IPv6: handaki.

Una vituo viwili au zaidi vinavyokutegemea uwashikie barua, na mtaa wako unakaa giza mara kwa mara: seva ya kuchangia, au betri kubwa ya ruta na kompyuta. Raspberry Pi na ruta vinakula umeme kidogo, na betri mnaweza kuishika kwa mikono yenu.

Mwalimu wa Soweto hakuwa na 2c0f, na pensheni yake hakutaka kuitolea dola. Anampigia bosi wake kila dakika thelathini, na bosi huyo kwa sasa ni kituo changu. Ameniomba nimjulishe siku IPv6 ikifika kwenye faiba ya mtaa wake, na namba yake ya f1d0 tayari ameiandika kwenye karatasi, ameibandika juu ya ruta.